Siku Niliyomtoa Saada Uwanjani

Wazazi vijana, nimestaafu lakini bado mnanijia. Mnanikuta sokoni, mnanikuta msibani, na mwezi uliopita mmoja wenu alinivuta pembeni arusini, sahani ya pilau mkononi, aniulize swali lile lile: Mwalimu Tatu, binti yangu anacheza vizuri sana, nifanye nini apate chuo nje? Nawaelewa. Huwa nawajibu kwa mkato kwa sababu pilau inapoa. Leo nitajibu kwa urefu.

Nimefundisha michezo ya wasichana karibu maisha yangu yote ya kazi. Nilianza hapa hapa Tanga na netiboli na hoki. Kisha mume wangu akapata kazi ya kusafirisha mizigo Guangzhou, nami nikamfuata, na miaka ya tisini ikielekea ukingoni nikaajiriwa na shule ndogo ya watoto wa wageni mjini humo. Huko ndiko nilikoikuta lakrosi.

Wengi wenu hamjawahi kuiona. Kila mchezaji ana fimbo yenye kikapu kidogo cha wavu kwenye ncha. Mpira ni wa raba, mdogo na mgumu. Unaudaka kwa kile kikapu, unakimbia nao huku unaubembeleza usidondoke, kisha unampasia mwenzako au unaupiga golini. Siku ya kwanza nilipewa fimbo nikaishika kama gongo la hoki, nikarusha, na mpira ukapita dirishani ukaingia jikoni kwa mpishi wa shule. Yule mzee wa Kikantoni alitoka nje na mpira mkononi, akauangalia, akaniangalia mimi, akarudi ndani. Tangu siku hiyo kila nikipita alifunga dirisha.

Kocha mkuu alikuwa Mmarekani, Karen, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili. Mchezo aliujua hasa. Wazazi ndio waliomshinda. Angemwambia baba wa mtu ukweli kwa sentensi moja, kisha akashangaa kwa nini yule baba amenuna. Basi kidogo kidogo kazi ya wazazi ikawa yangu. Na wazazi walikuwa wanataka kitu kimoja: chuo cha Marekani kimwone binti yao na kimchukue.

Sasa sikilizeni vitu ambavyo Karen alinifundisha, maana yeye mwenyewe aliwahi kuchaguliwa hivyo. Kocha wa chuo anapokaa pembeni ya uwanja, haangalii mabao kama unavyoyaangalia wewe. Anamwangalia msichana wakati mpira uko mbali naye. Je, anatembea au anajipanga? Akipoteza mpira, anarudi mbio kuutafuta au anainamisha kichwa? Mkono wake dhaifu ukoje? Akitolewa, anakwenda kukaa wapi, na uso gani? Kisha kocha huyo huyo anageuka kuwaangalia wazazi. Yule msichana ataishi naye miaka kadhaa, na wazazi wanakuja pamoja na mzigo.

Jingine ni la kanda za video. Siku zile vyuo vilitaka kanda ya mechi nzima, ipigwe kutoka mbali, uwanja wote uonekane. Bwana mmoja alimpiga binti yake picha za mabao tu, akazipeleka kwenye duka moja karibu na stesheni ya reli zikaunganishwe. Mafundi wa duka wakazitia muziki wa mapenzi wa Kichina, na kila bao likirudiwa, maua mekundu yanadondoka kwenye kioo. Karen aliitazama hadi mwisho kwa heshima zote, halafu akaniuliza ni arusi ya nani.

Bwana huyo alikuwa Sefu, na binti yake ndiye Saada.

Bwana Sefu alikuwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam. Alinunua nguo za watoto kwenye soko la jumla la Shahe na kwenye majumba ya nguo ya barabara ya Zhanqian, akazijaza makontena kwenda Kariakoo. Alinunulia na wenzake pia, ndiyo maana alihamia Guangzhou na familia: mkewe, Mwanaidi, na Saada, mtoto wao wa pekee. Alikuwa mtu wa watu. Wale wenye maduka, ambao kule huitwa laoban, yaani bosi, walimpenda kwa sababu alibishana bei huku anacheka. Yeye mwenyewe alifaulu mtihani wa darasa la saba na hakupata nafasi ya kuendelea. Aliniambia hilo zaidi ya mara moja, kila mara kama kitu kilichotokea juzi.

Saada alikuwa beki. Nasema alikuwa beki kwa maana ya kuzaliwa. Alijua pasi inakwenda wapi kabla mwenye fimbo hajaamua. Lakini baba yake hakuutaka ubeki. Alisema beki haonekani, anayefunga ndiye anayeonekana, na akamwomba Karen amweke mbele. Karen alikataa kwa ile sentensi yake moja, na ikabidi mimi nikae na Bwana Sefu kwa birika zima la chai kuitafuna sentensi ile hadi ilainike.

Halafu ikaja barua. Chuo kimoja kidogo cha Marekani kilimwandikia Saada barua ya kupigwa chapa, yenye picha ya majengo na majani ya rangi ya dhahabu. Kila msichana aliyepita kwenye kambi ya mazoezi ya Hong Kong likizo iliyotangulia alipata barua hiyo hiyo, jina tu limebadilishwa. Nilimwambia Bwana Sefu. Akanijibu kwa upole kwamba Wazungu hawapotezi stempu bure. Ijumaa ile alikwenda nayo msikitini. Wiki iliyofuata ndugu zake wote Kariakoo walikuwa wanajua Saada anakwenda Marekani.

Mwanaidi alinijia peke yake. Alikuwa mama mtulivu, anaongea chini chini kama mtu anayelaza mtoto. Akanieleza kwamba chuo kikuu kimoja cha pale pale Guangzhou kilikuwa kinapokea wageni kusoma Kichina kwanza, kisha fani, na Saada mwenyewe ameulizia. Mumewe amekataa asifanye mtihani wa kuingia. Amesema mtu hashiki mambo mawili. Mwanaidi akaniomba niseme naye. Nilisema naye, na alinikatalia kwa adabu, akanipa na gauni la mjukuu wa dada yangu.

Basi mwezi wa tatu tukapata habari kwamba timu ya wasichana ya Hong Kong inakuja kucheza nasi, na wanafuatana na kocha wa chuo kile kile cha kwenye barua.

Mwezi wa tatu Guangzhou si mwezi wa mchezo. Hewa inakuwa nzito, kuta zinatoka jasho, nguo hazikauki, na nyasi zinateleza siku nzima. Siku ya mechi ukungu ulikuwa umekaa uwanjani tangu asubuhi. Tulikosa mwamuzi, kwa hiyo Karen akashika filimbi na benchi akaniachia mimi. Yule kocha wa chuo alikuwa mwanamke mfupi mwenye kofia ya jua isiyokuwa na kazi siku ile. Alikaa peke yake upande wa pili, mbali na wazazi.

Bwana Sefu hakukaa. Mechi ilipoanza alianza kutembea kandokando ya mstari, na kila Saada akipata mpira alimpigia kelele kwa Kiswahili: nenda nao, usitoe, piga mwenyewe. Nadhani aliamini Kiswahili ni siri. Lakini kelele ya baba haihitaji mkalimani. Niliona ile kofia ya jua inageuka, inamtazama, inarudi uwanjani.

Na Saada alimsikiliza. Hilo ndilo lililoniuma. Beki wangu wa kuzaliwa akaacha nafasi yake, akapanda na mpira hadi mbele, akapiga, ukatoka nje. Akapanda tena, akanyang'anywa, na nyuma yake pakabaki uwazi wa kupita lori. Wakatufunga hapo. Wakatufunga tena. Wenzake walianza kumtazama kwa jicho baya, na yeye akawa haangalii mtu.

Mapumziko yalipofika nilikwenda kwa Bwana Sefu nikamwomba tutembee kidogo nyuma ya jengo la madarasa. Alikataa. Alisema amesimama kwenye mechi za mwanawe tangu mwanzo na leo si siku ya kutembea. Kabla sijajibu, Saada alikuwa ameshafika, jasho linamtiririka, ameshika kinga ya meno mkononi.

"Baba," alisema, "nikikusikia wewe, siwasikii wenzangu."

Akarudi kunywa maji. Bwana Sefu akaenda kusimama kwenye kona, mikono nyuma.

Kipindi cha pili mlitakiwa muwepo. Saada alirudi nyuma, na mechi ikabadilika. Alikata pasi, akaita majina, akapanga wenzake kwa mkono, kushoto, kulia, rudi, toka. Mshambuliaji wao mkubwa, msichana wa Kiingereza mwenye mbio sana, alianza kupoteza subira. Sisi tukafunga, tukafunga tena, tukawa sawa. Hata Karen, ingawa mwamuzi hatakiwi kuwa na upande, nilimwona anauma midomo. Nilitupa jicho ng'ambo. Ile kofia ya jua ilikuwa imeinuka, yule kocha amesimama.

Ndipo mpira ukadondoka kwenye nyasi na wasichana wawili wakauinamia kwa pamoja. Saada alikuwa chini zaidi. Fimbo ya mwenzake iliteleza kwenye umajimaji ule, ikapanda, ikampiga upande wa kichwa juu ya sikio. Siku zile wasichana hawakuvaa kofia ngumu, isipokuwa golikipa. Nilisikia mlio wa pigo lile kutoka benchi.

Alianguka kwa magoti, akakaa. Nilipomfikia macho yake yalikuwa wazi na hapakuwa na damu. Akaniambia yuko salama. Nikamuuliza matokeo ni mangapi. Akasema hatujafungwa bado. Nikamuuliza tuko kipindi gani. Akanitazama kama nimemuuliza kwa lugha asiyoijua, kisha akasema, "Si ndiyo kwanza tunaanza, Mwalimu?"

Nikainua mkono kwa Karen. Nikamwita msichana wa akiba.

Bwana Sefu alikuwa ameshavuka mstari. Alikuja moja kwa moja, viatu vyake vya dukani vinazama kwenye tope. "Mwalimu, unafanya nini?"

"Namtoa."

"Anasimama yule. Muone, anasimama. Mrudishe."

"Harudi, Bwana Sefu."

"Yule mama ametoka Marekani," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, ambayo ni mbaya kuliko kelele. "Amesimama kwa ajili ya mwanangu. Umeona kwa macho yako. Dakika hizi zilizobaki ndizo maisha yake. Mimi ndiye baba, nimekwambia mrudishe."

Karen alikuja na filimbi shingoni akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Uongo haukuwapo hapo. Lakini kama ningekosea, ningekuwa nimeziba mlango wa mtoto wa watu mbele ya mlinda mlango mwenyewe. Na Saada naye akaanza kunisihi, Mwalimu niache, mimi mzima, niache. Nikamwambia aende benchi akakae, tutazungumza.

Akainuka. Akavaa uso wa kishujaa, akatembea peke yake, mgongo umenyooka. Akaenda moja kwa moja kwenye benchi la Hong Kong, akakaa katikati yao.

Wale wasichana walisogea wakampisha, wakidhani labda ni mzaha. Yeye akaweka fimbo miguuni, akaelekeza macho uwanjani kama mtu aliyefika kwake.

Bwana Sefu aliona. Akakimbia. Alipita katikati ya uwanja mbele ya kila mtu, akapiga magoti kwenye lile benchi la wageni, akamshika binti yake uso kwa mikono miwili. Yule kocha wa chuo alikuwa ameshafika, amevua koti lake, anamfunika Saada mabegani. Hapo Saada akatapika.

Kupata teksi ilikuwa kazi. Ya kwanza ilisimama, dereva akamwona msichana amelegea na matapishi kifuani, akaondoka. Ya pili Bwana Sefu aliisimamia mbele, mikono kwenye boneti, akimwita dereva laoban, laoban, kwa Kichina chake cha sokoni ambacho kilijua bei na rangi na saizi na hakikujua neno la kichwa. Nilimsaidia. Ndani ya gari alimlaza mwanawe mapajani, na kila Saada alipofumba macho alimwamsha, akimuuliza jina la bibi yake, jina la mtaa wao, jina la paka waliyemwacha kwa jirani. Mengine alijibu. La paka alilikosa, na Bwana Sefu akamuuliza tena.

Hospitali tulikuta foleni ya dirishani, na yule dada wa dirishani kila tukiuliza kitanda alisema méiyǒu, hakuna. Wote tuliofanya kazi Guangzhou tulilijua neno lile, tulilisikia kila siku madukani likimaanisha ongeza bei. Siku ile lilikuwa na maana yake yenyewe. Hatimaye daktari kijana alipita, akamulika macho ya Saada kwa kurunzi, akamwita mtu alete kitanda cha magurudumu, na kitanda kikapatikana.

Wakampiga picha ya kichwa. Mwanaidi alifika wakati tunasubiri, amevaa khanga chini ya koti. Akakaa karibu na mumewe. Daktari aliporudi alisema hapakuwa na damu ndani. Ubongo ulitikisika, akasema, abaki waangalie, apumzike wiki nyingi. Kisha akauliza kama alirudi kucheza baada ya kupigwa. Nikasema hapana. Akasema vizuri, pigo la pili juu ya la kwanza ndilo linaloua. Nilimtafsiria Bwana Sefu. Ningeweza kuliacha hilo. Niliona ni haki yake kulijua.

Asubuhi yake yule kocha wa chuo alikuja kabla ya treni ya kurudi Hong Kong. Alimjulia hali Saada, wakacheka kidogo juu ya lile benchi, maana Saada hakuwa anakumbuka kitu. Alipotokea ukumbini Bwana Sefu alisimama. Alikuwa hajabadilisha viatu. Aliniomba nimtafsirie neno kwa neno, nisimlainishie. Akamuuliza kama angemchukua binti yake.

Yule mama hakukwepa. Alisema mwaka ule alikuwa na nafasi ya beki mmoja, na nafasi hiyo alikuwa ameshamwahidi msichana mwingine kabla hajapanda ndege. Alikuja Guangzhou kwa sababu timu ya Hong Kong ilimwalika, akataka kuona mji. Barua zile hutumwa kwa wengi. Na chuo chake hakisomeshi mtu kwa sababu ya mchezo. Kinatazama alama za darasani na uwezo wa mzazi.

"Kwa hiyo hata angecheza hadi filimbi ya mwisho?" Bwana Sefu aliuliza.

Nikatafsiri. Yule mama akajibu kwamba Saada ni mmoja wa mabeki wazuri aliowaona mwaka ule, na kwamba hata angecheza hadi mwisho, jibu lingekuwa lile lile.

Wazazi, maswali yale aliyoyauliza Bwana Sefu kwenye ukumbi ule wa hospitali ndiyo ya kuuliza mwanzo, mkiwa mmekaa na chai. Je, una nafasi ya mchezaji wa namna ya binti yangu? Umeshamwahidi mtu? Msaada wenu unafuata mchezo au alama? Mtu mkweli atakujibu, na asiyejibu naye amekujibu.

Bwana Sefu alimshukuru yule mama, akamsindikiza hadi mlangoni kama mgeni wa nyumbani kwake. Aliporudi alipitiliza kwa Saada. Nilikuwa pembeni ya pazia namkunjia nguo, kwa hiyo nilisikia. Alivuta kiti. Akamuuliza kitu ambacho, nadhani, sote watu wazima tuliomzunguka mtoto yule tulikuwa hatujamuuliza.

"Saada, mchezo huu unaupenda?"

"Naupenda sana, Baba."

"Na Marekani?"

Saada alifikiri. "Sijui. Mimi sijawahi kuiona."

Mwanaidi akatazama dirishani, na nikajua amezuia tabasamu.

Saada alifanya ule mtihani kabla mvua kubwa hazijaanza. Akasoma Kichina pale pale Guangzhou, kisha famasia, na leo ana duka lake la dawa Dar. Akipita Tanga hunitembelea, na hunigombeza kuhusu presha yangu.

Daktari alipomruhusu kucheza tena, muhula ulikuwa unakwisha na hapakuwa na mechi yoyote ya maana. Karen akapanga mchezo kati ya wasichana na walimu wa shule, pamoja na akina mama wachache walioweza kukimbia. Mimi nilikuwa golini, nimevaa ile kofia ngumu, naona nusu ya dunia. Bwana Sefu alifika katikati ya mchezo akitokea Shahe, shati limelowa, akasimama kivulini kwa walimu. Saada alicheza nyuma, akatunyang'anya mipira, akateleza, akacheka mwenyewe, na mwisho sisi watu wazima tukawashinda kwa njia ambazo mwamuzi makini asingezikubali.

Walipotoka uwanjani niliona Bwana Sefu anamsogelea binti yake, nikasubiri. Baba wa kila aina nimewasikia dakika ile: kwa nini hukufanya hivi, ulitakiwa ufanye vile.

Akamuuliza kama ana njaa. Saada akasema ana njaa sana, na wenzake je? Bwana Sefu akawatazama wale wasichana wote waliojaa tope na fimbo zao, akawaongoza hadi kwenye mkahawa wa Waislamu wa mtaa wa nyuma, wanakovuta tambi kwa mikono mbele yako. Wakaunganisha meza. Wakala bakuli baada ya bakuli, wakipiga kelele kwa lugha zote, na yeye akakaa mwisho wa meza anawapitishia pilipili.